Rafu ya Vitabu: Simba wa Tsavo, Kaisari wa Roma na Mzee wa Athene

Wapo watu wasemao kwamba mkulima wa Werugha au karani wa Voi hana haja na kitabu cha historia ya Uingereza, wala cha falsafa ya Wayunani wa kale, na kwamba riwaya ni mchezo wa wanafunzi wakati wa likizo. Husema kuwa shamba la kabeji halipaliliwi kwa habari za wafalme wa London, wala daftari la mizigo halijazwi kwa hekima ya Socrates. Maneno hayo yana utamu wake, na msemaji aghalabu huchekewa barazani. Lakini mtu akivitwaa vitabu vya aina hizo tatu, akavisoma pamoja na wala si kimoja kimoja, ataona jambo asilolitazamia: vinasema habari za Taita na Taveta kuliko alivyodhani, na mahali pengine vinazisema kombo.

Kitabu kinachofaa kuanza nacho ni cha J. H. Patterson kiitwacho The Man-Eaters of Tsavo, kilichotolewa London mwaka 1907. Ni vitabu vichache sana vya Kiingereza vilivyoitangaza nchi hii ulimwenguni kama hicho. Patterson alifika Tsavo mwezi wa Machi 1898 kusimamia ujenzi wa daraja la reli juu ya mto, mbele kidogo ya Voi kwa mtu atokaye Mombasa. Simba wawili madume wakawaingilia wajenzi kambini usiku, wakawakokota kutoka mahemani na kuwala, hata kazi ikasimama kwa majuma kadhaa. Patterson alimwua wa kwanza tarehe 9 Desemba, na wa pili kabla ya mwaka kwisha. Kitabu kimeandikwa kwa ustadi mkubwa. Msomaji humwona mwindaji akikesha juu ya jukwaa la miti, akisikia pumzi ya mnyama gizani, na hawezi kukiweka kitabu chini mpaka simba ameanguka.

Sasa msomaji na aulize swali moja tu: walikuwa watu wangapi walioliwa? Katika kitabu chake Patterson anataja Wahindi 28, kisha anaongeza kwamba Waafrika wengi waliliwa pia, lakini hesabu yao haikuwekwa rasmi. Miaka ikapita. Mwaka 1924 akaziuza ngozi na mafuvu ya simba wale kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago, kwa dola 5,000, na katika kijitabu kilichotoka baada ya hapo hesabu ilikuwa imepanda ikafika watu 135. Hatimaye, mwaka 2009, wataalamu wa Marekani walichunguza mifupa na nywele za simba hao, maana chakula cha mnyama huacha alama mwilini mwake. Wakakadiria kwamba simba wale walikula watu 35 hivi: mmoja wapata 24, na mwenziwe 11. Wataalamu hao walieleza wazi kwamba makadirio yao yanaweza kupanda au kushuka sana, na tena simba aweza kumwua mtu asimle.

Basi hesabu ni tatu, za simba wale wale. Ile ya kwanza ina Wahindi peke yao, kwa sababu Mhindi aliletwa kwa mkataba, na mtu wa mkataba huandikwa. Karani yeyote aliyewahi kushika daftari la mishahara anaifahamu siri hiyo: asiyeandikwa hafi. Mwafrika aliyekuwa akifyeka msitu, au akichota maji, au akipita njia tu kwenda kwa ndugu zake, hakuwa na mstari daftarini, na kwa hiyo alipochukuliwa na simba hapakuwa na mstari wa kufuta.

Liko na jambo jingine katika kitabu hicho ambalo msomaji wa Voi hana budi kulisoma mara mbili. Patterson anasimulia kwamba mwaka 1899 Mzungu mmoja, O'Hara, aliyekuwa akisimamia utengenezaji wa barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, aliuawa na simba hemani mwake usiku, mkewe na watoto wakiwa humo humo. Ni habari ya kuhuzunisha, naye ameieleza kwa upole na kwa urefu. Kisha, mwishoni kabisa, kwa maneno machache, anasema kwamba baada ya majuma kadhaa simba huyo aliuawa kwa mshale wa sumu uliopigwa na Mtaita mmoja kutoka juu ya mti. Basi. Hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna habari ya jinsi alivyomvizia wala ya siku ngapi alikaa juu ya mti huo. Patterson alikuwa na bunduki na msaada wa kambi nzima, akatumia miezi tisa kwa simba wawili, akaandika kitabu. Mtaita yule alikuwa na upinde.

Haifai kumlaumu Patterson kupita kiasi. Yeye aliandika aliyoyaona, na mtu huona yaliyo karibu na hema lake. Wa kulaumiwa zaidi ni msomaji afungaye kitabu akidhani ameisoma historia ya reli. Reli ile ilijengwa kuanzia mwaka 1896, ikafika ziwani mwaka 1901, na katika Wahindi wapatao 32,000 walioletwa kuijenga, walikufa karibu 2,500. Simba waliwala 28. Waliobaki waliuawa na homa, kuhara, vidonda na ajali. Lakini malaria hana ngozi ya kupelekwa Chicago, wala hakuna mtu aliyemtengenezea sinema, kama walivyotengenezewa simba mwaka 1952 na tena mwaka 1996. (Hiyo ya pili ilipigwa picha Afrika Kusini, na wenyeji wa Tsavo walioitazama walipaswa kuzoea vilima wasivyovijua.)

Hapo ndipo yule mzee wa Athene anapohitajiwa. Socrates hakuwa na shule, wala hakuandika kitabu hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kutembea sokoni na kuwauliza watu maswali. Rafiki yake aliambiwa na kuhani wa Delphi kwamba hakuna mtu mwenye hekima kumpita Socrates. Yeye hakuamini, akaenda kutafuta mtu wa kumpita. Akawaendea wakubwa wa siasa, akawaendea washairi, akawaendea mafundi wa mikono. Kila mmoja alimwuliza: hilo ulisemalo, umelijuaje? Akaona kwamba wakubwa walidai kujua mengi na hawakujua. Washairi walisema maneno mazuri wasiyoweza kuyaeleza. Na mafundi, ambao hasa walikuwa na ujuzi wa kweli, walidhani kwamba kwa kuwa wanajua kutengeneza viatu wanajua pia kutawala mji. Watu hawapendi kuulizwa hivyo. Mwaka 399 kabla ya Kristo wakamshtaki kwamba anaharibu vijana na hawaheshimu miungu ya mji, wakamhukumu kunywa sumu, naye alikuwa na umri wa miaka 70.

Habari hiyo imo katika kitabu kidogo cha Plato kiitwacho Apologia, yaani Utetezi, ambacho mtu aweza kukimaliza kwa safari moja ya gari la moshi kutoka Voi hadi Nairobi. Wapo wanaoogopa neno falsafa wakidhani ni kamusi ya maneno magumu. Wasiogope. Apologia ni maneno ya mzee mmoja mbele ya baraza, na kila aliyewahi kukaa katika kesi ya mpaka wa shamba, akasikia mashahidi wakipingana, ataielewa bila mwalimu. Na aliyesoma Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, atajiona yuko nyumbani. Humo Karama anasimama mbele ya mfalme na wakubwa, ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa masimulizi siku baada ya siku. Mmoja anatoka katika nchi ya angani iliyobuniwa na Mswahili wa Tanga, mwingine katika mji wa mawe wa Wayunani, lakini kosa lao ni moja. Tofauti ni kwamba Karama alishinda.

Msomaji mwerevu atamgeuzia Socrates swali lake mwenyewe. Ikiwa mzee hakuandika neno, nani alijua aliyoyasema? Jibu ni kwamba mengi tunayoyasoma yameandikwa na Plato, mwanafunzi wake, aliyempenda sana. Na mwingine aliyeandika, Xenophon, hakuwapo Athene siku za hukumu. Maelezo yao hayapatani yote. Kwa hiyo hata katika kitabu cha falsafa limo swali la historia, na huenda imo riwaya kidogo pia. Hilo halipunguzi thamani yake. Linamfundisha msomaji kushika kalamu ya risasi mkononi asomapo.

Sasa historia ya Uingereza. Watu wengi waliosoma shuleni wakati wa ukoloni walilishwa historia hiyo kama uji wa mgonjwa: mfalme huyu, mwaka huu, wake hawa sita, vita hivi. Wengi hawakuirudia tena, na haishangazi. Lakini liko jambo katika mlango wake wa kwanza kabisa ambalo lilipitwa haraka darasani. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yaliyobaki juu ya watu wa kisiwa kile ni yale ya Julius Caesar, aliyevuka bahari na majeshi mwaka 55 kabla ya Kristo, na tena mwaka uliofuata. Yaani Wabritoni wa kale waliingia vitabuni kwa kalamu ya mtu aliyekuja kuwashinda.

Naye aliandika nini? Aliandika kwamba wenyeji hujipaka rangi ya buluu ili watishe vitani. Kwamba watu wa bara hawalimi nafaka, wanaishi kwa maziwa na nyama na kuvaa ngozi. Na kwamba wanaume kumi au kumi na wawili hushirikiana wake. Mtu wa Taita akisoma maneno hayo atatabasamu, maana amekwisha kuyaona mahali pengine, yakiwa yamesemwa juu ya watu wengine. Na Waingereza wenyewe waliyapokeaje? Wanahistoria wao hawakukubali kwa sababu tu Kaisari alikuwa mtu mkubwa. Walichimba ardhini, wakakuta mashimo ya kuhifadhia nafaka na alama za mashamba yaliyolimwa zamani kabla ya Kaisari kuzaliwa. Wakasema kwa adabu kwamba jemadari alikaa nchini muda mfupi, akasikia mengine kwa watu, na alikuwa na sababu ya kujisifu mbele ya baraza la Roma. Habari za wake nyingi wakazitilia shaka. Hivyo ndivyo Mwingereza alivyomsoma mshindi wake. Hakuna sheria inayomkataza mtu wa Mwatate kumsoma Mwingereza kwa njia hiyo hiyo.

Tacitus, Mrumi mwingine, alikwenda mbali zaidi. Alipoandika habari za baba wa mkewe, Agricola, aliyepigana kaskazini ya kisiwa kile, alimpa mkubwa wa wenyeji, Calgacus, hotuba kali ya kuwalaani Warumi kwa unyang'anyi. Ni hotuba tukufu. Lakini Tacitus ndiye aliyeitunga, na huyo Calgacus hatajwi na mwandishi mwingine yeyote. Ni kama mwandishi wa London angemtungia mzee wa Sagalla hotuba ya kuipinga serikali ya London, akaichapisha katika kitabu cha historia. Ukarimu upo, na bado mzee wa Sagalla hajasema neno. (Kaisari mwenyewe alifika katika Kiswahili kwa mlango wa mchezo wa kuigiza, Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, ni kitabu kizuri mno kwa kusomwa kwa sauti, ijapokuwa Kaisari wa Shakespeare si Kaisari wa vitabu vya historia.)

Waliokuja Taita na Taveta na daftari mkononi walikuwa wengi. Rebmann alipita mwaka 1848 akielekea Kilimanjaro. Joseph Thomson, Mskoti kijana, alipita mwaka 1883 na msafara wake, kwa Maungu na Ndara, vilima ambavyo msafiri wa reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 bado anavitazama dirishani akikaribia Voi. Kitabu chake, Through Masai Land, kilitolewa mwaka 1885. Anausifu msitu wa Taveta, kivuli chake na maji yake, na hakuna mtu wa Taveta atakayegombana naye kwa hayo. Lakini mbele zaidi, katika nchi ya Wamasai, anaeleza kwa furaha jinsi alivyojifanya mganga: alikuwa na meno mawili ya bandia, akayatoa na kuyarudisha kinywani mbele ya watu, tena akatia chumvi ya tumbo ya Eno ndani ya maji, ikatoa povu, akaiita dawa. Anasema wenyeji walishangaa mno.

Mwaka ule ule wa 1885 ilitoka London riwaya ya Rider Haggard ya King Solomon's Mines, iliyosomwa na Waswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani tangu mwaka 1929. Humo yumo Bwana Good, naye ana meno ya bandia, na wenyeji wanashangaa mno. Wengi waliovisoma vitabu vyote viwili wameona kwamba meno ya Good ni ndugu wa meno ya Thomson. Thomson naye, mwaka 1888, akatoa riwaya yake mwenyewe, Ulu, lakini umma wa Uingereza haukuikimbilia kama ule wa Haggard. Basi hapa kisa kimoja kimetoka katika kitabu cha safari kikaingia katika riwaya, na maelfu ya wasomaji wakaijua Afrika kwa riwaya, kisha wakaja wengine kuitazama Afrika halisi wakitafuta watu wanaoshangazwa na meno.

Pamoja na hayo Haggard ana fadhila moja: hakuficha kwamba anatunga. Na uongo wa riwaya hukamatwa upesi. Katika chapa ya kwanza wageni wanawatisha wenyeji kwa kupatwa kwa jua, na mambo yamepangwa hivi kwamba mwezi ulikuwa mpevu usiku wa kuamkia siku hiyo. Mkulima yeyote anayepanda kwa kufuata mwezi anajua kwamba jua halipatwi wakati wa mwezi mpevu. Haggard akabadili katika chapa za baadaye, akafanya mwezi ndio uliopatwa. Ni heri waandishi wote wa historia wangekuwa wepesi wa kusahihisha namna hiyo.

Kwa upande wa burudani ya akili hakuna cha kuishinda Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikachapwa mwaka 1960. Bwana Msa, mwenye kiko chake, ni wa ukoo wa Sherlock Holmes, na Najum ndiye Watson wake. Kuna mauaji, na watu wote wa shamba wana jibu tayari: ni mzimu. Bwana Msa hawakemei wala hawacheki. Anauliza nani alikuwa wapi, nani aliona nini, nani alisikia kwa nani. Msomaji aliyetoka kwa Socrates atamtambua mara moja, ila kwamba Bwana Msa anavuta tumbako na hanyweshwi sumu. Wanaodharau riwaya za upelelezi na wajiulize ni kitabu gani cha hesabu kilichowahi kuwafundisha vijana kutoridhika na jibu la kwanza kwa utamu kama huo.

Jambo ambalo kwa ajili yake ustadi huu wote unahitajiwa liko karibu sana na nyumbani. Katika Vita Kuu ya kwanza, Taita na Taveta ilikuwa uwanja wa vita kabla ya sehemu nyingine nyingi za Afrika Mashariki. Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi wa Agosti 1914. Waingereza wakatandika reli ya vita kutoka Voi kupitia Mwatate na Maktau, na mwezi wa Februari 1916 wakaushambulia mlima wa Salaita wakarudishwa nyuma, kabla ya kuirudisha Taveta mwezi uliofuata. Historia rasmi ya Waingereza, iliyokusanywa na Charles Hordern, ilitoa jalada la kwanza mwaka 1941. La pili halikutolewa kamwe. Von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, naye aliandika kitabu chake. Mwenye nafasi na avisome vyote viwili juu ya siku ile ya Salaita, ramani mbele yake, maana majemadari wawili hawasahau mambo yale yale.

Lakini wote wawili ni majemadari. Mwaka 1915 watu wa Kasigau walishukiwa na Waingereza kuwa wamewasaidia Wajerumani. Vijiji vyao vilichomwa moto, wengine waliuawa, na waliobaki, wazee na watoto pamoja, walihamishwa kwa nguvu mpaka Malindi. Wengi walikufa huko, na ilipita miaka mingi kabla ya watu hao kurudi mlimani kwao. Je, walikuwa na hatia? Nani aliwasikiliza? Barua ya ofisa yasema hivi. Mjukuu aliyeisikia kwa bibi yake asema vile. Hapa hakuna simba wa kupima nywele zake. Yapo mafaili ya serikali, yapo masimulizi ya ukoo, na kati yake yapo maswali ambayo mtu wa Kasigau ana haki ya kuyauliza kuliko mgeni yeyote. Mwanafunzi atakayefanya kazi hiyo, na wako waliokwisha kuianza, asiwaamini wazee wake kwa kuwa ni wake, wala asiliamini faili kwa kuwa lina muhuri.

Na wachukuzi wa mizigo, wale wa Kariakoo? Geoffrey Hodges aliandika habari zao katika The Carrier Corps, kitabu cha mwaka 1986, na ni miongoni mwa vitabu vya historia ya Waingereza vinavyostahili kutafutwa kwa bidii hata ikibidi kuazima mbali. Waliokufa upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa karibu laki moja, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Atembeleaye makaburi ya vita ya Voi, Maktau na Taveta ataona mawe meupe yaliyopangwa kwa unadhifu, kila jiwe na jina. Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba kukosekana kwa majina ya wachukuzi kulikuwa bahati mbaya ya vita tu. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi hayo ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu zaidi ya laki moja, wengi wao wa Afrika na nchi za mashariki, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wakubwa wa siku zile waliamua hivyo kwa kuwaona si sawa na wengine. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Kukiri huko kulitokana na watu waliosoma taarifa na barua za zamani wakauliza: nani alihesabu, na nani hakuhesabiwa? Ni swali lile lile la kambi ya Tsavo. Majina mengine huenda yamo bado katika vitabu vya ubatizo vya misheni, katika orodha za mishahara zilizosahauliwa, au katika majina waliyopewa wajukuu ili mtu aliyekwenda asirudi asipotee. Mzee G. M. Trevelyan, alipoandika historia ya jamii ya Kiingereza, kitabu kilichouzwa sana miaka ya 1940, aliwaacha wafalme kando akauliza watu wa kawaida walikula nini, walilipwa nini, walilima vipi. Kitabu hicho kina mapungufu yake, na watu wake wa kawaida wana afya nzuri kuliko ilivyowezekana. Lakini namna yake yaweza kuigwa Mgange au Mbololo na mtu mwenye daftari la senti chache: mifereji ya maji ilichimbwa na ukoo gani, mkonge ulilipa kiasi gani kwa mwezi, nani alikwenda vitani na nani alirudi. Tena uchapaji si mgeni katika nchi hii. Mwaka 1895, kabla reli haijawekwa hata pau moja, misheni ya Taveta ilikuwa ikichapa gazeti lake, Taveta Chronicle, kwa Kiingereza na kwa macho ya misionari, lakini palepale chini ya miti ya Taveta.

Mwenye kuvisoma vitabu hivi kwa mara ya kwanza na aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, kisha Kusadikika, kisha Apologia, na Patterson awe wa nne. Akimtanguliza Patterson atamezwa na simba.

Juma lijalo rafu hii itafungua kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, cha mwaka 1934, kuhusu watu waliokombolewa baharini wakakaa Freretown, pamoja na habari ya Epictetus, mwanafalsafa aliyekuwa mtumwa Roma.